Kapu la Kuangusha Nyuklia

Jumatatu, 4 Agosti

Wewe mwenye duka la hapa chini huna haya! Mchana kweupe, jua linapasua vichwa, na taa ya ukumbini inawaka. Nimemsema mbele ya wateja wake. Akaniuliza, Bibi, taa moja inakudhuru nini? Inaninyima mwana!

Nikamweleza polepole, maana kichwa chake kizito. Mwanangu wa pekee ni fundi wa kuchomelea vyuma. Yuko mbali, anajenga mtambo wa umeme wa nyuklia. Nilimuuliza kwenye simu anarudi lini. Akasema mtambo ukiisha. Utaisha lini? Akacheka. Miaka, Mama, watu wanataka umeme mwingi.

Basi! Watu wakitaka umeme kidogo, mtambo wa nini? Mtambo ukikosa kazi, mwanangu anarudi nyumbani. Shule sikukaa sana, lakini hili sihitaji kufundishwa.

Balbu ile nimeizungusha nikaing'oa. Iko chini ya mto wangu.

Jumatano, 6 Agosti

Yule mjane fundi cherehani, wa chumba kinachotazamana na changu, amejikwaa ukumbini. Giza, anasema. Vifungo vyake vimemwagika ngazi nzima. Tumeviokota wote wawili, yeye akilalamika, mimi nikimwambia avae miwani. Ananiita mwenzangu. Mwenzangu tangu lini?

Eti si lazima tuishi kama popo, kuna balbu za LED, zinakula umeme kidogo na mwanga ni ule ule. Kama vile sijui! Nilikuwa sijui. Nimemshikilia mwenye duka mpaka akanunua. Amesema ananunua ili ninyamaze. Ushindi ni ushindi.

Nikampigia mwanangu, nikamwambia aanze kufunga mizigo. Hakusikia vizuri, vyuma vilikuwa vinagongwa. Akasema atapiga yeye.

Ijumaa, 8 Agosti

Friji la soda la mwenye duka. Mpira wa mlango umechakaa, baridi inavuja mpaka naisikia miguuni nikipita. Ndiyo maana linanguruma kutwa kucha, umeme unaliwa bure. Mwenyewe alipokwenda kula, nikachukua tyubu ya baiskeli na gundi, nikaziba pande zote. Kazi safi! Hata sisimizi hapiti.

Hata mwenye duka hapiti. Mlango umegoma kufunguka. Na joto hili! Wateja wamesimama wanazitazama soda nyuma ya kioo kama ndugu waliokuja kuona mgonjwa. Mwenye duka amenifukuza, Bibi nenda nyumbani kwako. Niko nyumbani kwangu! Chumba changu kiko juu ya kichwa chake!

Fundi akaleta mkasi, akakata gundi taratibu, mpira wangu ukabaki pale pale. Sasa mlango unafungika vizuri na unafunguka, na friji limepunguza kelele. Waliosifu wamemsifu fundi.

Mwanangu hajapiga.

Jumapili, 10 Agosti

Mpango mkubwa huu. Kapu la kupikia! Unachemsha maharage kidogo kwenye jiko la umeme, unazima, unatumbukiza sufuria kwenye kapu lililojazwa vipande vya nguo, unafunika kwa mto. Yanaiva yenyewe, jiko limelala. Mimi nauza makapu, mnunuzi anabana umeme, nyuklia inakufa njaa.

Vipande kanipa fundi, gunia zima, bure. Ananipeleleza huyu.

Niliwaita wapangaji waje kuonja mchana. Nikawaonya: sharti ni moja, usifunue!

Yalikuwa mawe. Mwenye duka kashika shavu. Fundi akasema mbele ya watu wote, mwenzangu, kila nikichungulia nakuona umefunua. Uongo! Nilikuwa natazama tu kama bado yapo. Sufuria imefunikwa, kimya, haisemi, haitoi mvuke. Ukikaa nayo peke yako utajuaje kama humo ndani kuna kinachoendelea?

Jumanne, 12 Agosti

Fundi kaingia bila hodi. Kachemsha maharage mapya, kayatia kapuni, kafunika, kisha kakalia mto. Mzima mzima! Akaanza kushona shati kwa mkono pale pale juu. Nikamwambia toka. Akasema hatoki, na nikitaka nimbebe.

Sikuweza kumbeba. Ikabidi tuzungumze mpaka mchana. Kumbe ana binti ng'ambo, naye hupiga simu kama mimi ninavyopata soda ya bure.

Maharage yameiva mpaka yanateleza! Sahani ya pili, ile ninayoiweka mezani kila siku, leo imeliwa. Si na aliyewekewa.

Makapu yameisha. Mwenye saluni ya jirani kataka mawili.

Alhamisi, 14 Agosti

Kapiga! Mtambo umesimamishwa! Wakubwa wameona nyuklia ni ghali na inachelewa. Watu wakibana matumizi, jua na upepo vikijazia panapopungua, umeme unatosha na faida inabaki. Nikapiga kigelegele mpaka mwenye duka akatoka nje. Makapu yangu hayo! Mwanangu akauliza, makapu gani, Mama?

Nikamuuliza anafika lini.

Haji.

Kapewa kazi nyingine. Anachomelea minara ya mitambo ya upepo, katikati ya bahari, mbali kuliko kule. Mpaka lini? Akacheka. Nikamwambia vizuri, mwanangu. Nikamwambia avae sweta.

Fundi alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kauliza kama ninataka chai. Chai ya nini, na kazi yote hii? Nyuklia nimeiangusha kwa makapu machache, upepo utanishinda? Tatizo ni watu, bado wanawasha ovyo. Wewe mwenye saluni, kesho zima hilo dude la kukaushia nywele, jua lipo. Mwenye duka, soda ya moto haijaua mtu. Na wewe fundi, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Leta gunia lingine la vipande, njoo mapema, ukalie kapu.