Nilivyoitisha msiba Katoro bila kukusudia

Marafiki, aibu imenikuta leo mchana kweupe, hapa hapa Katoro.

Mnajua natengeneza filamu yangu ya kwanza. (Kamera ya kuazima, mwongozaji wa kujifundisha kwenye simu.) Leo ilikuwa zamu ya Mama Neema, jirani yangu anayeuza mchele sokoni. Anaigiza mke anayepewa taarifa kwamba mumewe amefukiwa na kifusi mgodini. Mumewe wa kweli, Baba Neema, naye ni mchimbaji. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka.

Tukaanza kurekodi uani kwake. Nikamwambia alie kama mtu aliyefiwa kweli. Akalia. Alilia hadi mimi mwenyewe nikaanza kufuta machozi.

Upande wa pili wa ukuta, Mama Shija alikuwa anaanika dagaa. Kusikia mke wa mchimbaji analia vile, akaacha dagaa juani, akajifunga kanga kiunoni, akaingia analia kwa Kisukuma, "Mayu wane! Mayu wane!" yaani mama yangu. Nyuma yake wanawake sita. Mimi nikadhani watu wa Katoro wanapenda sanaa. Nikawaomba wasogee karibu na kamera.

Kumbe huko nje wanaume wameshapiga simu ya Baba Neema, haipatikani, kwa sababu yuko chini ya shimo. Wakamtuma bodaboda mgodini. Wengine wakaanza kupanga viti.

Mwenyekiti wa mtaa akafika. Nikampa shikamoo. Akaitikia kwa upole, akanishika bega, akaniuliza mwili uko wapi.

"Maiti anatoka Chato, mzee," nikamjibu. "Anakuja kesho na basi la asubuhi."

(Ni mwigizaji wangu. Anakaa Chato.)

Kabla hajauliza la pili, bodaboda ikaingia. Nyuma amekaa Baba Neema, tope hadi kwenye kope, anauliza nani amekufa.

Mama Shija akamwendea, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa mabega, kisha akakaa chini palepale akalia upya. Safari hii kwa furaha. Jamani, hapo ndipo nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alikuwa anamlilia mtu kwa moyo wote, na mimi nimekazana kutafuta mwanga mzuri.

Nikaeleza, nikaomba radhi kwa kila mmoja. Mwenyekiti akasema basi tuonyeshe hiyo filamu iliyotutoa makazini. Wakaizunguka kamera.

Wakaona ndala zangu.

Asubuhi, wakati naifunga kwenye stendi, nilikuwa nimeshabonyeza kitufe bila kujua. Kwa hiyo kila niliposema "anza" nilikuwa naizima, na kila niliposema "kata" nilikuwa naiwasha, kisha naiinamisha itazame chini. Dakika arobaini za ndala, kuku mmoja, na sauti yangu ikimsifu Mama Neema kwamba amelia vizuri sana.

Aliyeanza kucheka ni Mama Shija, huku machozi hayajamkauka. Baba Neema akafuatia. Kisha ua mzima.

Kwa mnaoanza filamu kama mimi: angalia ile alama nyekundu ya kurekodi, na kabla hujamliza mke wa mtu, wapitie majirani wote uwaarifu. Wewe unayesoma hapo, nakuomba ucheke kwa ndani.