Ombi la Kuifanya Maabara Yetu Ifuje Umeme, Angalau Hadi Ijumaa

Mheshimiwa Mhandisi uliyesanifu maabara yetu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na majengo yako mengine nayo hayajambo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na msimamizi wa mita ya umeme katika maabara uliyotukabidhi mwaka jana, pamoja na kitabu cha maelekezo chenye kurasa mia moja na arobaini. Nilikisoma chote. Nilikisoma kwa raha zangu, bila nia mbaya, lakini ndiyo sababu nikapewa kazi ya mita, na shida zangu zikaanzia hapo.

Mhandisi, jengo lako linabana matumizi kupita kiasi. Naomba nieleze kwa maandishi, maana kwa mdomo nisingefika mbali.

1. Taa. Umeweka darini kijicho cheupe kinachoangalia kama chumbani kuna mtu. Kisipoona anayesogea kwa dakika tatu, kinazima taa. Ni wazo zuri. Ila mimi nikisoma huwa sisogei. Yanayotembea ni macho tu, na kijicho chako hakihesabu macho. Siku za mawingu nikiwa peke yangu huko ndani, taa hunizimikia katikati ya sentensi. Nanyanyua mikono yote miwili, zinawaka, na wenzangu walioko mlangoni wanashangilia, "Marehemu kafufuka!" Sasa ndilo jina langu. Juzi mpishi wa shule aliniuliza kwa upole kabisa, "Marehemu, umeshakula?"

2. Kabati la moshi. Nazungumzia lile lenye kioo cha kupandisha na kushusha, tunamochanganyia vitu vinavyowasha macho. La zamani feni yake ilinguruma kutwa kucha, iwe kuna kazi au hakuna. La kwako, ukishusha kioo, feni inapunguza kasi yenyewe ili hewa iliyopozwa isitupwe nje bure. Matokeo yake maabara imekuwa kimya. Zamani mwalimu akiniuliza swali, nilijibu kwa sauti yangu ya kawaida, hakusikia, akaenda kwa mwingine, tukaishi kwa amani. Sasa ananisikia. Mbaya zaidi, anasema, "Vizuri, hebu rudia na wa nyuma wasikie."

3. Madirisha. Ni marefu, na juu yake umeweka vikinga jua ili mashine ya kupoza hewa isichoke. Mwanga unaingia kila mahali. Hakuna kona. Maabara ya zamani ilikuwa na kona nyuma ya friji tatu kuukuu, na humo nilisoma vitabu kumi na saba. Friji mbili zilikuwa tupu, ya tatu ilikuwa na chura mmoja wa somo la baiolojia na maji ya kunywa ya fundi wa maabara. Umeziondoa zote, ukaleta moja ndogo isiyokula umeme. Chura amepata nafasi. Mimi nimekosa.

4. Jumatatu. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lengo letu ni kutumia uniti sitini kwa wiki. Wiki iliyopita tulitumia arobaini na moja. Mwalimu Mkuu alifurahi mno, akaja maabara na kutangaza kwamba wiki hii nayo tusipozidi lengo, Ijumaa kutakuwa na sherehe, wageni watakuja, wewe ukiwemo, na mwanafunzi mmoja ataeleza mbele ya shule nzima jinsi jengo linavyofanya kazi. Akauliza nani anajitolea.

Mhandisi, tuliganda. Wanafunzi arobaini, hakuna aliyekohoa wala kujikuna, kila mmoja akiogopa kutazamwa. Mwalimu Mkuu akasema, "Nitasubiri. Sina haraka," akasimama tuli, mikono nyuma. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mawingu nje yakazidi kuwa mazito. Ya tatu ilipotimia, taa zikazima.

Nami kwa mazoea nikanyanyua mikono.

Zilipowaka, mikono iliyokuwa juu ilikuwa yangu tu. "Tena yote miwili!" akasema Mwalimu Mkuu. "Huo ndio moyo ninaoutaka!" Jirani yangu wa mezani akaninong'oneza, "Pole, Marehemu. Ijumaa ndiyo mazishi."

Nikisimama mbele ya watu watano sauti hunikauka, na shule yetu ina mia sita. Mwaka jana nilipewa nisome tangazo la mstari mmoja kuhusu sweta lililookotwa. Mpaka leo mwenyewe hajajitokeza.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Matumizi ya wiki hii yakizidi uniti sitini kabla ya Ijumaa, hakutakuwa na ushindi. Pasipo ushindi hakuna sherehe, na pasipo sherehe hakuna hotuba. Naomba basi uchague mojawapo:

(a) Uturudishie zile friji mbili tupu, ziwashwe, milango ikiwa wazi.

(b) Uruhusu pasi maabarani. Nimepiga hesabu. Pasi ya Shangazi, ninayeishi kwake, inakula uniti moja kwa saa. Tukiiwasha saa ishirini, tumevuka. Shangazi amekubali kuiazima, ila anasema, "Nguo za nyumba hii zinaisha kwa saa mbili. Saa zilizobaki utanyoosha za nani, za wilaya?"

(c) Ikishindikana, ubomoe ukuta mmoja, ule wa mashariki, joto liingie. Niko tayari kubeba matofali.

Naamini utalitazama ombi hili kwa jicho pana kuliko lile la darini. Wasalimie wote ofisini kwako, pamoja na aliyechagua zile dakika tatu. Shangazi naye anakusalimu, anauliza kama unajenga na nyumba za kuishi.

Nabaki kwako kwa heshima zote,
Msimamizi wa Mita, meza ya mwisho, dirishani.

N.B. Jana baada ya vipindi niliamua nianze mwenyewe bila kusubiri jibu lako. Niliacha kioo cha kabati la moshi kikiwa juu kabisa, nikaondoka. Nilifika getini. Nikawaza ile hewa yote iliyopozwa kwa gharama, inatupiwa njiwa wa paani. Nikarudi mbio. Fundi wa maabara akanikuta nakishusha huku nahema, akauliza, "Kwani hicho kioo kina nini, mwanangu?" Nikamweleza. Nikaona kioo hakieleweki bila feni, nikamweleza feni. Feni haieleweki bila madirisha. Akavuta kiti. Wafagiaji wawili waliokuwa wakipita wakageuza ndoo zao, wakakalia, mmoja akasema, "Rudia hapo kwenye vikinga jua." Nikarudia. Nilipotazama saa, nilikuwa nimeongea dakika arobaini na sijagusa paa.

Mwalimu Mkuu amenipangia dakika tano. Tafadhali, Mhandisi, friji usizilete, na ukuta uuache. Zungumza naye tu aniongezee muda. Dakika tano ni dharau kwa jengo kama hili.