Hesabu ya Vichwa Kibagabaga

Jumatatu, 9 Novemba 1992

Madarasa sita ya matofali ya kuchoma yatajengwa katika shule moja kati ya mbili, na shule zote mbili zitakuwa chini ya diregiteri mmoja. Amesema hayo mkaguzi leo saa nne asubuhi. Aliyasema akiwa amesimama. Kiti nilichompangusia vumbi hakukitazama hata.

Shule ya kwanza ni yangu, hapa Kibagabaga. Ya pili iko ng'ambo ya bonde, upande wa Ndera, na diregiteri wake ni Xavérine. Atakayeshindwa atakuwa msaidizi wa atakayeshinda.

Xavérine alikuja kwangu kujifunza kufundisha mwaka 1978. Nilimpa tisa kwa ishirini kwa somo lake la mto Nyabarongo. Sasa najiona nikimwomba yeye ruhusa ya kwenda msibani.

Yatapimwa mambo matatu: idadi ya wanafunzi, vyeti vya walimu, na wanachokijua watoto wa darasa la sita. Mpimaji ni Rutayisire, kijana wa takwimu kutoka ofisini.

Hali halisi: wanafunzi 412. Walimu tisa, mimi nikiwemo. Wenye diploma wanne, mimi nikiwemo. Darasa la sita: afadhali nisiandike. Xavérine ana wanafunzi 388. Namzidi kwa 24. Mtu wa kawaida angeridhika.

Naandika kwa Kiswahili cha Biryogo, mtaa wa Waswahili mjini, nilikozaliwa. Mke wangu, Nyirarukundo, ni mtu wa Gitarama na hakisomi. Amani ya nyumba.

Jumanne, 10 Novemba

Nimepata.

Watoto wadogo, darasa la kwanza hadi la tatu, husoma kwa zamu kwa sababu vyumba havitoshi. Asubuhi 140, mchana 136. Wakubwa, ambao nao ni 136, hukaa kutwa. Jumla 412. Rutayisire hahesabu rejista. Anahesabu vichwa, kwa sababu anasema rejista za nchi hii zina watoto wengi kuliko nchi yenyewe. Atahesabu zamu ya asubuhi asubuhi, na zamu ya mchana mchana.

Nani amesema mtoto wa asubuhi lazima aende nyumbani? Akibaki, na kwa uji atabaki, anahesabiwa tena. 412 na 140 ni 552.

Nimemweleza Silvère, mwalimu wa darasa la sita. Ana diploma ya kweli na mdomo wa kweli. Amesema, Diregiteri, watoto hao wana sura. Nikamjibu kwamba wote wamenyolewa upara, wavulana kaki, wasichana bluu. Serikali yenyewe imewafananisha. Akasema basi serikali imekuwa ikiniandalia siku hii tangu uhuru.

Wivu.

Alhamisi, 12 Novemba

Vyeti. Walimu watano hawana diploma. Nimewaita nyumbani kwangu saa tisa, barazani, nikawapa mafunzo ya saa mbili kuhusu matumizi ya chaki. Mwishoni kila mmoja amepata karatasi: "Cheti cha Mafunzo ya Ualimu". Saini yangu, muhuri wa shule. Kubwimana wa darasa la pili ameuliza kama mafunzo yamekwisha au kuna chakula. Nyirarukundo alikuwa na pombe ya ndizi. Imenywewa yote mafunzoni.

Sasa nina walimu tisa wenye vyeti kati ya tisa. Xavérine ana saba kati ya kumi na wawili. Maskini, hajui kwamba walimu hupatikana barazani.

Jumamosi, 14 Novemba

Habari kutoka shule nyingine, ambako Rutayisire ameshapita. Hapimi darasa zima la sita. Anafungua rejista na kuchukua kila mtoto wa sita: wa 6, wa 12, wa 18, hivyo hivyo hadi mwisho. Darasa letu lina watoto 42. Atapima saba.

Nimekaa na rejista mpya kutwa nzima. Wenye akili saba nimewaandika namba 6, 12, 18, 24, 30, 36 na 42. Wazito saba nimewaandika kila mmoja kabla tu ya mwenye akili, kwa sababu benchi hufuata rejista, na mzito akiketi karibu na mwerevu huenda akapata kitu. Hilo ni wazo langu la malezi, halihusiani na udanganyifu.

Silvère ameitazama rejista kwa muda mrefu. Ameuliza alfabeti imeenda wapi. Nimesema alfabeti haijawahi kujenga darasa.

Jumatatu, 16 Novemba

Xavérine amepita na mkungu wa ndizi. Ananiita "mwalimu wangu" kwa sauti ya mtu anayefunika sufuria. Nimemuuliza amejiandaaje kwa hesabu. Amesema amefagia.

Amefagia! Nimemtazama kuona kama anatania. Hakutania. Anampa Rutayisire watoto wake 388, vyeti vyake saba, darasa lake kama lilivyo. Hii ni mbinu ya hatari sana na bado sijaielewa.

Wakati wa kuondoka ameuliza kama ni kweli tunapika uji wa watoto mia na arobaini, au kuna harusi. Nyirarukundo amejibu kabla yangu: Madamu, hata mimi mpishi sijaambiwa bibi harusi ni nani. Wakacheka pamoja mpaka kwenye njia.

Jumanne, 17 Novemba

Leo ilikuwa zamu yetu ya kuhesabiwa, Rutayisire hakufika. Chama kimoja kilikuwa na maandamano mjini. Chama kingine kilikuwa na maandamano ya kupinga maandamano. Pikipiki yake haikupata pa kupita.

Uji ulikuwa tayari. Watoto wameunywa. Kesho tena. Nyirarukundo hasemi nami. Anasema na sufuria, na mimi nasikia.

Jumatano, 18 Novemba

Siku kubwa. Naandika kwa mpangilio.

Saa mbili: Rutayisire anafika, kalamu ya risasi sikioni, mashine ya kuhesabu mfukoni. Anahesabu wakubwa, 136. Anahesabu zamu ya asubuhi, 140. Namtoa kwenda kuona shamba la shule.

Saa sita: watoto 140 wanapewa uji nyuma ya vyoo. Mama mmoja amekuja kumdai binti yake wa kuchota maji. Nimemwambia elimu imeongezwa muda. Amesema, muzehe, elimu ichote maji basi. Nimempa kikombe cha uji. Amekunywa, amekaa.

Saa nane: zamu ya mchana. Watoto 276 ndani ya vyumba vitatu. Wengine juu ya madirisha. Rutayisire amehesabu mara mbili na kupata 276 mara zote mbili. Mtoto mmoja amemwambia, bonjour tena. Nilikohoa kwa nguvu. Rutayisire ameandika 552 na kupiga mstari chini yake.

Mia tano hamsini na mbili. Nimeenda nyumbani kwa njia ndefu ili watu wanione.

Alhamisi, 19 Novemba

Siku mbaya kidogo.

Vyeti kwanza. Rutayisire ameshika karatasi ya Kubwimana na kumuuliza mafunzo yalifanyika wapi. Kubwimana, ambaye hakuzaliwa na kizuizi kinywani, amesema barazani kwa diregiteri. Alijifunza nini? Kwamba chaki isiloweshwe. Na nini kingine? Kwamba pombe ya madamu ni nzuri.

Rutayisire hakucheka; angecheka ingekuwa heri. Amesema kwa upole kwamba mafunzo yakitolewa, faili lazima iwe na diploma ya mkufunzi. Mkufunzi ni mimi. Nikaleta yangu, ya mwaka 1969. Ameilinganisha na orodha yake. Kumbe ile miaka mitatu niliyosoma siku hizi haitoshi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa miaka ishirini na tatu. Nimejiuliza mwenyewe, kwa muhuri wangu mwenyewe.

Walimu wenye sifa sasa ni watatu kati ya tisa. Kabla ya mafunzo yangu walikuwa wanne.

Kisha mtihani. Nimemfungulia rejista. Rutayisire akasema ofisi imebadili utaratibu, kwa sababu baadhi ya shule zimeanza kupanga majina. Nimeonyesha mshangao. Sasa namba ya kuanzia inapigiwa kura. Ameandika moja hadi sita kwenye vikaratasi, akavitia kofiani, akampa Silvère achague.

Silvère amechagua tano.

Tano, kumi na moja, kumi na saba, ishirini na tatu. Wazito wangu saba, mmoja baada ya mwingine, kama walioitwa kwa majina. Mmoja aliulizwa saba mara nane. Akauliza ni lini.

Wastani: 31 kwa mia. Silvère amekaa na rejista ya zamani, ile ya alfabeti, akapiga hesabu: kwa namba hiyo hiyo ya tano wangepata 54. Amesema amefundisha miaka kumi na minne na hajawahi kuona bahati nasibu iliyoandaliwa vizuri hivyo dhidi ya mwandaaji.

Haidhuru. Idadi ndiyo mfupa wa takwimu. Idadi ninayo.

Ijumaa, 27 Novemba

Barua imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimekaa.

Shule ya Kibagabaga, inasema barua, ina wanafunzi 552 na walimu tisa, yaani zaidi ya 61 kwa kila mwalimu. Kikomo ni 60. Shule imezidiwa. Kwa hiyo wanafunzi 140 wa zamu ya asubuhi wahamishiwe shule ya ng'ambo, ambayo ina walimu kumi na wawili. Kibagabaga itabaki na 412, idadi ambayo walimu wake wanaimudu.

Nimesoma mstari huo mara nyingi. Itabaki na 412. Lakini 412 ndio nilionao. Wale 140 wa ziada ni wale wale 140. Serikali inachukua watoto wasiokuwepo, ila inawachukua kwa miguu yao.

Silvère amegundua kwamba kama ningewaacha kumi na wawili tu waende nyumbani, tungekuwa 540, sitini kamili kwa kila mwalimu, na barua isingeandikwa. Sijamwomba agundue.

Ninaweza kusema ukweli. Nimejaribu, mbele ya kioo. "Bwana mkaguzi, hao 140 nilimhesabisha kijana wako mara mbili." Nikamuuliza Silvère maoni. Amesema, Diregiteri, una njia mbili: kupoteza watoto kwa barua, au kupoteza kazi kwa barua. Nyirarukundo, aliyekuwa akipepeta mtama, amesema kwa nyumba hii afadhali waende watoto.

Nimetia saini.

Jumatatu, 30 Novemba

Wameondoka saa moja na nusu, mstari mmoja mrefu kuelekea bondeni, kila mmoja na daftari kichwani na wengi wakiuliza huko kuna uji. Yule mama wa maji amenishika mkono kunishukuru: ng'ambo ni karibu na kisima.

Xavérine amewapokea 140 akawa na 528. Walimu saba wenye diploma. Wastani 58. Matofali yatashushwa kwake. Diregiteri wa shule zote mbili ni yeye.

Nimebaki na 272. Chumba cha darasa la kwanza kina mwangwi. Kubwimana amepiga chafya humo na imejibiwa.

Jumatano, 2 Desemba

Kikao cha kwanza chini ya Diregiteri Xavérine. Amefika dakika tano kabla ya muda, tabia niliyomfundisha mimi. Nilijiandaa kwa dharau. Hakuleta dharau. Amesema, mwalimu wangu, wewe ni mzoefu wa takwimu kuliko sisi sote, kwa hiyo takwimu za tawi la Kibagabaga zitakuwa mikononi mwako.

Walimu wote wameangalia chini kwa pamoja. Silvère alihitaji kutoka nje.

Nimekubali. Mtu akinyang'anywa kiti lakini akaachiwa kalamu, hajanyang'anywa kitu.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimefikiri siku tatu na nimeliona kosa langu. Ni la kitaalamu, si la tabia. Nilijumlisha. Niliadhibiwa kwa sababu ya watoto wengi kwa kila mwalimu. Basi dawa ni kutoa.

Nina 272 na walimu tisa, karibu 30 kwa kila mwalimu. Siku ya hesabu nikiwapeleka watoto mia moja msitu wa mikaratusi kuokota kuni, nitabaki na 172. Kumi na tisa kwa kila mwalimu. Mjini hakuna shule yenye uwiano kama huo, labda ile ya mabalozi. Xavérine na 44 zake atakuja kuniuliza nimefanyaje, na nitamjibu kwamba nimefagia.

Silvère amenisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha ameniuliza kama nimesoma waraka mpya uliobandikwa mlangoni, aya ya nne, kuhusu kufungwa kwa shule zenye wanafunzi chini ya mia mbili. Nimemwambia sina muda wa aya. Sisi tuko 272, aya hiyo haituhusu.

Nimeshaongea na mwenye msitu. Amekubali. Rutayisire anarudi kuhesabu vichwa Jumatatu, tarehe 11 Januari 1993, saa mbili asubuhi. Watoto mia moja wataondoka saa moja.