Masikio Mapya ya Bi Arafa

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Siku kubwa! Meneja mpya wa duka la kijiji ameshuka leo kwenye lori la ushirika. Anaitwa Bi Arafa. Mjane, mtu wa Tarime mjini, wazazi wake walitoka pwani. Umri wa mama yangu, sauti ya kuamrisha. Nilimwahi kwa shikamoo kabla mshindani wangu Stanslaus hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Nikambebea sanduku. Njiani nikamtupia swali, kama vile halina maana yoyote: je, anapenda muziki? Akasema yeye redio huifungulia taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi.

Masikio matupu! Hayajaguswa! Nusura niangushe sanduku.

Maelezo kwa atakayesoma shajara hii nikishakuwa mtu maarufu. Mimi Nikodemo, mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Gorong'a, ndiye mtu pekee kati ya Sirari na Mto Mara mwenye sahani tatu za muziki, roki ya Kiingereza ya aina ile ndefu. Wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa sahani. Una filimbi, una kinanda, una radi, na mdundo unabadilika kila ukianza kuuzoea. Nilizipata Sirari kwa Mkenya mmoja, kwa mbuzi wangu wawili, naye akaniapia kwamba hii ni mali ya watu waliosoma. Majina yake ni marefu, kwa hiyo naziita kwa picha za majalada. Kobe, aliyebeba kanisa mgongoni. Ngazi, inayoshuka ziwani. Na Bundi, ambayo ni ngumu kupita kiasi. Hata mimi sijawahi kuifikisha mwisho.

Miaka yote hii nazipiga, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia, "Tia tena." Kijiji kizima kiko upande wa Stanslaus na rumba zake. Mke wangu Agustina huwa ana jambo la kusema kuhusu Kobe, ila hulianza katikati ya sahani, nami humwambia asubiri iishe. Ikiisha ameshaenda kukamua.

Nataka mtu mmoja tu. Mmoja! Na Mungu amemleta na lori.

Jumanne, 5 Oktoba

Mpango ni kama darasa la kisomo. Kwanza a-e-i-o-u: hiyo ni Kobe, maana mle angalau wanaimba. Halafu Ngazi. Bundi baada ya Krismasi.

Kikwazo: betri zimekufa. Nikazianika juani kwenye mkeka pamoja na mtama wa Agustina. Kuku wakala mtama, wakazidonoa na betri. Agustina akauliza ni kipi kati ya hivyo viwili nitakula mimi jioni. Nikaziuma pia, moja moja, kama mafundi wa redio wanavyofanya. Mdomo una ladha ya msumari mpaka sasa.

Duka lilipofungwa nikaingia na gramafoni kichwani. Nikaanza na utangulizi. Mtu mgeni hatumbukizwi tu! Nikaiacha sahani izunguke kwanza ipate moto, mimi huku naeleza habari za bendi: nani aligombana na nani, kwa nini mpiga ngoma wa kwanza aliondoka, maana ya kobe, maana ya kanisa. Bi Arafa alifagia duka. Akapima chumvi. Akaenda chumba cha nyuma kuswali, akarudi, bado niko kwenye kanisa. Nilipoweka sindano, betri zilikuwa hoi. Mwimbaji alianza vizuri, akashuka, akashuka, akaishia na sauti ya fahali mgonjwa. Bi Arafa akaniuliza kwa upole kama kijana huyo alipelekwa hospitali.

Lakini hakunifukuza! Dalili njema kabisa.

Alhamisi, 7 Oktoba

Betri zimefika! Katoni moja, kijiji kizima. Ofisi imechukua za redio yake. Zilizobaki zinatosha gramafoni moja, mwezi mzima. Stanslaus alikuwa mlangoni kabla dereva hajazima injini. Tukasukumana kidogo. Nikamkanyaga kwa bahati mbaya, mara mbili. Bi Arafa akasema yeye ni mgeni, hataki kesi, akaagiza mwenyekiti wetu aitwe. Mzee Werema akaja na uamuzi: Jumamosi, shamba la kijiji, kila mmoja wetu apige muziki wake kwa betri hizo, watu wakilima. Muziki utakaosaidia kazi ndio wenye betri.

Niandike hapa, maana wajukuu watasahau. Kwetu mstari wa kulima unafuata wimbo. Wimbo ukianza, majembe juu. Ukiisha, watu wananyoosha migongo na kunywa uji. Hakuna anayeweka jembe chini wimbo ukiendelea, hata awe anaumwa. Ni mkosi. Atapigwa na mvua ya mawe yeye na ukoo wake.

Nimechagua Ngazi. Agustina anasema nipeleke Kobe, eti kuna mahali fulani katikati ya ile sahani. Nikamkatiza. Nina mambo makubwa ya kupanga.

Jumamosi, 9 Oktoba

USHINDI! 

Stanslaus alianza. Watu walifurahi, sitaki kudanganya. Kiuno huku, jembe kule. Wimbo ukaisha, uji. Mwingine ukaisha, uji. Haijafika saa nne sufuria zimekauka na shamba halijafika nusu. Mzee Werema alinuna mpaka kofia ikamshuka machoni.

Nikaitwa mimi. Sindano chini. Ngazi inaanza na kinanda peke yake, polepole sana. Majembe yakapanda polepole sana. Yakabaki juu. Watu wanangoja. Mikono inatetemeka. Mara ngoma! Majembe yakashuka yote puu, na kuanzia hapo sijui niite kilimo au vita. Mdundo ukigeuka, nusu ya mstari inageuka nao, nusu nyingine haina habari. Kibibi kimoja kikanitukana kwa Kikurya fasaha, bila kuacha kulima. Ikaja sehemu ya filimbi. Kinanda kimya, ngoma kimya. Stanslaus akatupa jembe, akaruka, akapiga kelele kwamba umeisha, jamani, umeisha!

Ulikuwa haujaisha. Ngoma zikarudi. Stanslaus akaokota jembe huku midomo inamcheza.

Walilima mpaka mwisho wa shamba la kijiji. Wimbo unaendelea! Wakavuka mpaka, wakaingia kwenye kipande cha Mzee Werema mwenyewe, ambacho hakijaguswa tangu mwaka juzi, wakakigeuza chote. Sahani ilipokoma wakalala palepale kwenye matuta. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, mura, kijana wangu, kumbe muziki wenyewe ndio huu.

Betri ni zangu!

Jumapili, 10 Oktoba

Kanisani nimekaa benchi zima peke yangu. Hakuna aliyeniamkia. Mtu ametupa bonge la udongo juu ya bati letu, na Agustina anasema anamjua, na hamlaumu. Haidhuru! Jioni nikaenda kwa Bi Arafa na Kobe, betri mpya, na utangulizi niliousafisha.

Akaniambia utangulizi niuache. Nikaweka sindano.

Wimbo wa kwanza alikuwa anakunja mifuko. Akaendelea kukunja. Halafu, kabla ya wimbo wa pili, kuna kipande kidogo, gitaa peke yake. Hakina ngoma, hakina mwimbaji. Hata jina sidhani kama kina. Bi Arafa aliacha mifuko. Akakaa juu ya gunia la sukari. Kilipokwisha alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akasema marehemu mume wake alikuwa akifungua duka asubuhi anapiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa hivyo hivyo, wa mtu asiye na haraka. Halafu akasema.

"Tia tena, mwanangu."

Tia tena! Kwangu! Katika maisha haya! Nilitaka kupanda juu ya mizani nicheze.

Ila nikaona nina wajibu wa kumrekebisha. Nikamweleza kwamba hicho kipande si muziki hasa, wamekiweka ili mpiga ngoma apumzike, anywe maji. Akasema sawa, tia tena. Nikamweleza kwamba kupenda hicho na kuacha wimbo mkubwa ni sawa na kuja harusini ukasalimia mlinzi wa geti ukaondoka. Akasema, wallahi, mwalimu, mimi nataka gitaa. Nikaona huyu yuko tayari, masikio yamefunguka, kwa nini tungoje Krismasi? Nikatoa Kobe nikaweka Bundi.

Bundi inaanza na mlango unaofungwa mara nyingi. Bi Arafa alistahimili sana. Ilipofika sehemu ya ving'ora akasema kichwa kinamuuma, akanishika bega, akanitoa nje taratibu na gramafoni yangu.

Anahitaji muda tu.

Jumatano, 13 Oktoba

Mambo si mazuri.

Mzee Werema ametangaza Ngazi kila siku ya kazi, pande zote mbili za sahani. Jumatatu kijiji kizima kiliamka kinaumwa. Mgongo, tumbo, jino, kila mtu na lake. Shambani tulikuwa watatu: mimi, Mzee Werema na gramafoni. Mzee alikuwa anasimamia. Nimelima Ngazi nzima peke yangu! Kumbe ni ndefu. Ile sehemu ninayoipenda kuliko zote nililima huku naitukana.

Jana wajumbe wakaenda kwa Bi Arafa, Stanslaus mbele. Leo uamuzi umetoka, na Mzee Werema amekubali kwa sababu kipande chake kimeshalimwa. Betri zinahamia kwa Stanslaus. Nikauliza kosa langu. Bi Arafa akajibu bila hasira. Alisema Stanslaus alipoingia dukani alimuuliza swali moja tu, "Mama, wewe ulipenda kipi?"

Hilo nalo ni swali? Mwanafunzi anaulizwa anachopenda?

Alhamisi, 14 Oktoba

Leo jioni nikiwa nyumbani nikasikia gitaa. Lile! Nikakimbilia sandukuni. Ngazi ipo, Bundi ipo. Kobe haipo, na Agustina hayupo.

Nikaenda mbio. Kibaraza cha duka kimejaa mpaka kwenye ngazi. Watu walewale waliolala kwenye matuta Jumamosi, wamekaa kimya, watoto mapajani. Stanslaus yuko kwenye gramafoni yake, anaigusa sahani yangu kwa vidole visafi, nilichunguza. Bi Arafa amefumba macho. Pembeni yake, mbele kabisa, Agustina. Kipande kikaisha. Na hapo, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, kibaraza kizima: "Tia tena!"

Machozi yalinitoka na sioni aibu kuandika. Sahani yangu! Mbuzi wangu wawili! Agustina akaniona, akasogea, akapigapiga mkeka nikae. Akaninong'oneza kwamba hapo ndipo alipokuwa akitaka kunionyesha, tangu mwaka tuliooana. Kila nikipiga Kobe alikuwa anasema tia tena, nami namwambia asubiri. Akasema, kaa basi, baba.

Nilifurahi jamani. Nilitaka kukaa. Magoti yalikuwa yameshaanza kujikunja.

Lakini nikamwona Stanslaus anairudisha sindano nyuma, kwenye kilekile, na wimbo mkubwa uko hapo hapo unafuata, upana wa ukucha tu! Wenye kanisa lote! Ningewezaje? Nikaruka miguu ya watu, nikaisogeza sindano mbele, nikaomba utulivu, nikaanza utangulizi.

Nimetolewa kwa kubebwa. Kibibi kile cha Jumamosi kilishika mguu wa kushoto.

Ijumaa, 15 Oktoba

Agustina amewahi kibarazani mapema apate nafasi ya mbele. Hajaniambia karibu. Nimebaki na kuku.

Nimetulia, nimejichunguza kwa unyenyekevu, na nimelipata kosa langu. Ni kuanza na Kobe! Ukimwanzisha mtu na chepesi atabaki kwenye chepesi. Yote haya yasingetokea.

Na sasa habari za furaha. Jumatatu inayokuja lori linaleta mganga mpya wa zahanati, Bwana Hezekia, kutoka Nyansurura huko. Nimepeleleza. Hana gramafoni. Hana hata redio! Masikio matupu kabisa!

Huyu naanza naye na Bundi, moja kwa moja, bila huruma. Betri sina, na betri za nini? Naijua yote isipokuwa mwisho. Nitamwimbia kwa mdomo, ngoma nitapiga kwenye debe, milango nitafunga mwenyewe. Nimefanya mazoezi tangu asubuhi. Kuku wamehamia kwa jirani. Nitamsubiri palepale lori linaposimama, nimdake kabla hajashusha mizigo, kabla Agustina hajapata nafasi ya kumwuliza anapenda nini.