Sukari ya Sisimizi

Jumatatu, 3 Novemba
Balaa! Mwalimu mkuu kanichagua kuwakaribisha wazazi Ijumaa, uwanjani. Kwa lugha mbili! Mimi, ambaye wageni wakibisha hodi nakimbilia jikoni. Mvua tu ndiyo itakayoniokoa.

Jumanne, 4 Novemba
Jibu ninalo. Sisimizi wakihama shimo na kupanda ukutani, Bibi hutangaza mvua, na majirani humwamini kuliko redio. Basi nimenyunyiza sukari kutoka shimoni hadi dirishani. Jioni, msafara! Bibi kainama, kaguna, kasema kabla ya Jumamosi itanyesha. Mimi ni kiboko!

Jumatano, 5 Novemba
Hili sikulifikiria. Bibi kamwamuru Baba apande mahindi leo leo, kwenye udongo mkavu. Mbegu zote! Mvua isipokuja panya watazifukua, na mwakani tutakula nini? Nilitaka kuungama nikaona haya. Kaka kaniuliza mbona nina uso wa kuku aliyeona kisu.

Alhamisi, 6 Novemba
Jua la kukausha mate. Na si hilo tu: Bibi kamwonya mwalimu mkuu kuhusu mvua, mkutano wa wazazi ukasogezwa hadi leo! Saa nne nikasukumwa mbele. Lugha ya kwanza ilitoka. Ya pili ikanitoroka, nikarudia ile ile ya kwanza kwa sauti kubwa zaidi. Wakapiga makofi. Bibi hadi akasimama. Mbegu bado ziko kwenye vumbi. Chakula changu cha jioni nimempa Kaka.

Ijumaa, 7 Novemba
MVUA! Tangu alfajiri! Mabati yanapiga kelele, Baba anacheka uani kalowa chapachapa. Mbegu zimepona! Nikaangua kilio, nikaungama yote. Bibi kacheka mpaka akakohoa. Kasema alijua tangu Jumanne, chai yake ilipokosa sukari. Yeye alifuata upepo uliogeuka na miti iliyochipua kabla ya tone la kwanza. Halafu kanitania kama bibi na mjukuu wake: mke mwenzangu wee, sisimizi wa mvua hubeba mayai yao. Wako walibeba sukari yangu!
Oo, nimepumua. Nimekula sahani mbili. Sitarudia tena.

Jumamosi, 8 Novemba
Mwalimu wa muziki kasikia sauti yangu ilivyo kubwa. Eti Ijumaa ijayo niimbe peke yangu, uwanjani.
Sina wasiwasi. Kosa langu sasa nalijua: mayai. Nimechota kikombe cha mchele nikausaga kidogo na kuuchanganya na sukari. Ukiutazama kwa mbali, huwezi kabisa kuutofautisha na mayai ya sisimizi.