Macho ya Baharia wa Bulengera

Jumatatu, 6 Oktoba. Bulengera, Butembo.

Jana kanisa lilituaga. Mimi na shemeki Delphin, kaka wa mke wangu Tamar. Wakala wa Mombasa ametupatia nafasi kwenye meli ya mizigo. Kazi: kushika zamu juu, kutazama taa za meli nyingine gizani, kupaza sauti kwa wakati. Imebaki karatasi ya daktari. Delphin anayo tayari, ndani ya plastiki, anaionyesha hata kwa wauza ndizi. Mimi sina.

Chorale iliimba. Tulipewa kila mmoja blanketi nene, maana bahari ni baridi, alisema Pasta Maliro, ambaye hajawahi kuiona. Akaongeza kwamba Phinées, yaani mimi, ndiye atakuwa macho yetu majini. Makofi. Nikainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Sioni nyekundu. Kijani pia sioni. Kwangu ni mapacha waliovishwa na mama mmoja. Tamar anajua, ndiye anayenichagulia mashati. Kanisa halijui. Wakala hajui. Na karatasi ile inauliza hilo kwanza.

Jumanne, 7 Oktoba.

Mpango wa kwanza. Kuna zahanati ndogo nyuma ya soko. Infirmier Kahongya, muuguzi wa hapo, mtu mwema, ana kitabu cha vidoa: namba ya rangi moja imefichwa katikati ya vidoa vya rangi nyingine. Kitabu chake ni fotokopi. Nyeusi na nyeupe, kitabu kizima!

Nilimwambia sioni namba. Akakisogeza dirishani, akasema hata yeye hajapata kuziona, na wagonjwa wote ni vilevile. Donc macho yangu ni ya kawaida. Akagonga muhuri. Nikapiga picha, nikatuma Mombasa. Nikatembea hadi nyumbani kifua mbele. Tamar akauliza nani amenipima. Nikasema: mtaalamu.

Jumatano, 8 Oktoba.

Wakala amejibu. Karatasi ya Kahongya haifai. Upande wetu wanamtambua daktari mmoja tu, Docteur Kitsa wa Beni, yule aliyempima Delphin. Mwisho ni Jumamosi.

Mpango wa pili. Delphin ana kichwa kizuri, anakumbuka namba za kitabu cha Beni ukurasa kwa ukurasa. Nilimwambia nina woga wa mtihani, basi. Akaamini. Amekubali kunifundisha, kwa sharti moja: nimwite Kapiteni mbele za watu mpaka Mombasa. Leo nimemwita hivyo sokoni, kwa kinyozi, na mbele ya mama yake mzazi. Mama akauliza kama mkwe wake ana homa.

Namba zote zimeingia.

Alhamisi, 9 Oktoba. Beni.

Pikipiki, vumbi, barieri za barabarani. Faida ya Beni ni kwamba hakuna anayenijua. Kwenye benchi la wagonjwa nikamkuta Bénite wa chorale! Amemsindikiza shangazi yake mwenye goti. Akawatangazia wote kwamba huyu ndiye baharia wetu. Wakasogea nikae. Mlango wa docteur haufungiki, kitasa kimeng'oka. Benchi lote linaona ndani.

Nilitaja namba bila kusita. Vizuri mno. Ya ukurasa wa nne niliitaja kabla hajaufungua.

Docteur Kitsa akafunga kitabu polepole. Ni mama wa Mutwanga, kwa wakulima wa kahawa. Akaomba aletewe beseni kutoka uani, kahawa iliyochumwa asubuhi ile, bado na maganda yake. Nitenganishe: mbivu, zile nyekundu, huku, na mbichi za kijani kule.

Nilikaribia kumkumbatia. Utotoni mama yangu alinitoa shambani kwa kuchuma mbichi, halafu akanionea huruma, akanifundisha kufinya. Mbivu ni laini. Mbichi ni jiwe. Nikafinya. Nikatenganisha beseni nzima, hata punje moja haikukosea njia. Bénite akapiga kigelegele huko nje.

Docteur akazichanganya tena. Akaniambia niweke mikono nyuma, nimwonyeshe mbivu kwa kidevu.

Nikaonyesha. Benchi likacheka. Nikaonyesha kwingine. Shangazi mwenye goti akaniambia pole, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Taa ya meli hapana kitu ya kufinya, Papa," alisema.

Hakuwa na hasira. Akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima: meli ina taa nyekundu kushoto na kijani kulia. Anayezichanganya hajui meli nyingine inaelekea wapi. Na wenzake wamelala chini, wanamwamini. Nikamwona Delphin amelala, mdomo wazi, kama anavyolala kwetu siku za sikukuu.

Kisha akasema jikoni hawaulizi rangi. Hiyo angeweza kuiandika kwa moyo mweupe. Nikajibu nitafikiri. Mtu aliyeagwa kama macho atarudije kama sufuria?

Ijumaa, 10 Oktoba. Butembo.

Bénite alifika kabla yangu. Watoto wa Bulengera wananinyooshea nyanya na kuuliza ni rangi gani. Nimefunga dirisha.

Delphin alikuja. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akauliza kama nilijua, muda wote ule alipokuwa ananifundisha. Nikamsogezea kiti. Akaondoka. Nilimwita Kapiteni, hakugeuka.

Tamar ndiye aliyesema. "Ungemuacha kaka yangu afe, juu ya aibu tu?"

Nilitafuta jibu. Lililokuwepo ni ndiyo. Nikaomba chai.

Jumapili, 12 Oktoba.

Jana nilimpigia Docteur Kitsa. Jikoni, nilisema. Akaandika, akatuma mwenyewe.

Leo kanisani nilikaa nyuma kabisa. Pasta Maliro akaniona. Akaniita mbele, akaniwekea mikono machoni, akaomba sana. Akauliza fulari za chorale, zile za shingoni, ni rangi gani. Nyekundu, nikasema, kwa imani. Bénite akaishika fulari yake kama anayeihurumia. Pasta akasema amina, Mungu ana wakati wake.

Nikarudisha blanketi. Wakakataa. Bahari ni baridi hata kwa wapishi, wakasema. Yaani na la jikoni wanalijua. Machozi yakatoka. Nikasema ni moshi. Kanisani hapana moshi.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Wakala amekubali! Msaidizi wa mpishi. Nimemwapia Tamar, mkono juu: sitamdanganya daktari tena. Akasikia, akaniwekea chai. Tangu Ijumaa hajaniwekea.

Mchana ukaja ujumbe wa pili. Anayegusa chakula cha mabaharia lazima apimwe choo. Mwenye minyoo habebwi.

Sasa, tumbo langu mimi silijui vizuri. Kwa nini kubahatisha? Choo cha Delphin kilipimwa, kilikuwa safi. Nikaenda kumwomba kidogo. Akafunga mlango. Kwa Tamar sikumaliza hata sentensi.

Lakini Pasta Maliro anafunga kila Jumatano, na Ijumaa pia. Tumbo la mtu wa namna hiyo haliwezi kuwa na kitu. Na si udanganyifu, ni msaada wa kiroho. Nitampitia kesho alfajiri, kabla hajaenda msalani.

Kopo nimeshaliosha.