Vichwa Vyekundu vya Risasi

Gari la Nshombo lilipokufa mbele ya duka moja la Whitehall, mashariki mwa Columbus huko Amerika, mwenyewe hakulalamika. Alifunga mlango taratibu, akavua kofia, akaliaga, akaenda zake kwa miguu.

Lakini Whitehall si mji wa miguu. Pale mtu asiye na gari hukosa kazi, kisha hukosa kanisa, na mwishowe hukosa marafiki, kwa sababu kila anayeona jina lake kwenye simu anajua kinachokuja ni ombi la lifti. Kwa fundi wa maneno kama Nshombo pigo hilo lilikuwa la kikazi hasa. Uongo mzuri unataka kufika kabla mwenye nyumba hajaamka vizuri, na kuondoka kabla hajamaliza kufikiri. Basi la mji haliwezi kazi hiyo.

Tumtendee haki. Nshombo hakuwahi kumwibia mtu asiyetabasamu. Aliwahi kuuza maombi ya kufaulu mtihani wa udereva, na wateja wake wote walikuwa madereva wazuri. Aliwahi kukodisha suti kwa bwana harusi, na mwenye suti, aliyekuwa mgeni wa heshima, akaisifu sana.

Wiki ile ya kutembea, alikuwa kwa kinyozi akingoja zamu yake. Kwenye kiti alikaa kijana mmoja, Salomon, aliyekuja kutoka Louisville kumtembelea binamu yake. Salomon alikuwa akilalamika chini ya mashine.

"Koyoti wanamaliza mbuzi wa mama," alisema. "Ile imbwa ya pori ya Amerika, ndogo, lakini iko na akili kama mwanasheria. Marehemu papa alituachia bunduki ndogo na meza ya kujitengenezea risasi. Maganda yako, baruti iko, fataki ziko. Tunakosa vichwa tu, ile sehemu inaruka. Bon, nikaenda kwenye duka. Ukuta muzima ni vichwa! Muuzaji akaniuliza, unataka kubakiza ngozi ya koyoti ao hapana? Nikamwambia, miye nataka kubakiza mbuzi."

Watu walicheka. Nshombo hakucheka. Alikunja gazeti alilokuwa hasomi.

"Petit, mudogo yangu," alisema kwa sauti ya daktari aliyeona picha ya mapafu, "donc hakuna mutu amewahi kukuelezea vichwa?"

"Hakuna, yaya," alijibu Salomon, kama anayemjibu kaka mkubwa.

"Pole sana. Umeongea na mutu mwenyewe."

Salomon alifurahi mno hata hakueleza shida ya pili, ambayo kwa mama yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Rakeli, mjane wa Rudasingwa, alitoka milima ya Kivu Kusini, na sasa alifuga mbuzi kwenye shamba la kukodi nje ya Louisville. Mwanawe Salomon alikuwa amempata Uwera, binti wa mzee Gaspari wa North Buffalo, mbali kaskazini. Gaspari alikuwa amesema jambo moja tu: binti yake hatoki kwa bahasha ya pesa. Alitaka kusikia mnyama akilia kwenye majani yake mwenyewe. Na kwa desturi, mnyama wa mahari haletwi na bwana harusi wala ndugu yake wa damu. Huletwa na mshenga, mtu wa ukoo mwingine. Rakeli alikuwa amewaomba wote wanaofaa. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na gari jipya, wa tatu alipenda sana mbuzi ila sokoni. Wakati huohuo koyoti walikuwa wakipunguza zizi, na mbuzi jike aliyefaa kutolewa alikuwa amebaki mmoja, wa kahawia, jina lake Gaju. Gaju asipofika Buffalo akiwa hai, hakuna harusi.

Nshombo hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa kwenye simu yake akisoma wawindaji wa Amerika wakitukanana juu ya vichwa vya risasi. Alisoma kwa bidii ambayo, kama angeielekeza kwenye udaktari, leo tungekuwa tunamwomba miadi. Alielewa kwamba kuna vichwa vya bei rahisi, vyenye koti gumu la shaba, vinavyofaa kutoboa karatasi za shabaha. Vikimpata koyoti hupita moja kwa moja, naye hukimbia na jeraha na kuteseka kichakani. Na kuna vichwa vyepesi vyenye ncha ya plastiki nyekundu, ambavyo hufunguka ndani ya mnyama na kuishia hapo hapo, asiteseke, wala risasi isiendelee na safari hadi kwa jirani. Alielewa pia kwamba tofauti ambayo mgeni anaweza kuiona kwa macho ni ule wekundu tu.

Akanunua sanduku moja la vichwa vya kweli, kwa ajili ya maonyesho. Akanunua mfuko wa vile vya kutobolea karatasi, kwa ajili ya biashara. Kisha akafungua kabati la mkewe.

"Nshombo," alisema Emérence, alipokuta meza ya jikoni imejaa vichwa vya risasi vikikauka kama pilipili juani, "ile rangi ya kucha ni ya harusi."

"Nayo inakwenda kwenye harusi," alijibu Nshombo, kwa sababu uongo humtoka mtu wa namna hiyo bila hata kutafutwa.

Alifika Louisville kwa basi, kama alivyokubaliana na Salomon, akiwa na mkoba wa ngozi. Rakeli alimpokea kwa chai ya maziwa. Walikuwapo Salomon, mchungaji Nshuti aliyepita kuomba juu ya zizi, na Umuhoza, dada yake Salomon, aliyefanya kazi kwenye duka la kutengeneza kucha.

"Mama," alianza Nshombo, akifungua sanduku la kweli kama mtu anayefunua mtoto mchanga, "kichwa cha risasi ni kama mugeni. Kuko mugeni anapita nyumbani hata hasalimie. Na kuko mugeni anaingia, anakaa, anafungua begi. Koyoti anataka huyu wa pili."

"Na ile ingine inafanya nini?" aliuliza Rakeli.

"Inapita. Inaenda kuua ng'ombe ya Mumarekani. Kisha Mumarekani anakuja na avoka, mwanasheria yake."

Mchungaji alisema amina.

Salomon alikaa kwenye meza ya marehemu. Alipima baruti kwa mizani ndogo kama kitabu cha Mmarekani aliyemuuzia marehemu meza hiyo kilivyoagiza, akakandamiza kichwa chekundu juu ya ganda, akatoka nje. Tikiti maji liliwekwa mbele ya tuta la udongo. Bunduki ikalia. Tikiti likaacha kuwa tikiti.

"Bei yako nini?" aliuliza Rakeli.

Nshombo alitazama nyuma ya nyumba, kwenye gari la familia la marehemu Rudasingwa, lile la milango ya kuteleza, lililofunikwa turubai.

"Miye sichukue feza ya mujane," alisema kwa uchungu. "Lakini ile chuma inaozea pale inanisikitisha."

Rakeli alimtazama kuanzia viatu.

"Wewe ni Mushi kwa kabila?"

"Mushi wa Kabare, mama. Kabisa."

"Na hauna ndugu kwetu? Hata kwa ndoa?"

"Hata mmoja."

"Vizuri," alisema Rakeli, kwa sauti ambayo mtu makini angeisikiliza mara ya pili.

Wakati wao wanazungumza, mkono wa Nshombo ulikuwa umekwisha kupeleka sanduku la kweli ndani ya mkoba na kuleta mezani masanduku aliyojaza vichwa vya jikoni kwake. Ulikuwa mkono mwepesi sana. Umuhoza aliinama juu ya masanduku hayo, akavuta harufu, akatabasamu.

"Rangi nzuri," alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kisha, kwa Kiswahili cha heshima kama kwa mjomba, "Kunywa chai, tonton. Nikufungie mizigo yako."

Nshombo alikunywa chai. Alipenda vijana wenye adabu.

Rakeli akatoka, kisha akarudi kutoka zizini akimvuta Gaju kwa kamba.

"Sikia, papa. Gari ya marehemu siuzi. Lakini kwetu, mutu ametutendea mema tunamupa munyama. Ninakupa huyu. Na gari inafuata mbuzi. Popote mbuzi inafikia, gari ni ya pale. Unakubali mbele ya mutumishi wa Mungu?"

Nshombo alihesabu haraka: gari, na nyama juu yake.

"Gari inafuata mbuzi!" alitangaza, mkono kifuani.

"Sema tena, mutumishi asikie vizuri."

Akasema tena.

"Na kama Columbus hawapende mbuzi," aliongeza Rakeli akimkabidhi ufunguo, "kuko papa mumoja North Buffalo, anaitwa Gaspari. Mbuzi ya namna hii anaitafuta sana. Ile mutu hatakunyima kitu."

Salomon alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba vimeanza kuongea.

Gari liliondoka vizuri. Gaju alisimama nyuma, akala mkanda wa kiti kimoja, akaanza wa pili. Huko Whitehall, msimamizi wa nyumba za kupanga alimwona mbuzi kupitia dirisha, akatikisa kidole. Emérence alitoka, akatazama, akasema, "Ao mbuzi, ao miye," akarudi ndani bila kungoja jibu. Nshombo akampigia Rakeli simu kuomba anwani ya Gaspari, akawasha gari kuelekea kaskazini. Njiani alikuwa na furaha. Aliamua kwamba mzee wa Buffalo angelipia hata ile mikanda.

Kwenye mtaa wa Gaspari theluji chafu ya mwisho ilikuwa bado imejikunja pembeni mwa njia, lakini uwanja mbele ya nyumba ulikuwa kijani. Barazani walisimama wanawake waliovaa mishanana, yale mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, wazee wenye fimbo, na mzee mmoja mrefu mwenye suti nyeusi. Gaju aliwaona, akalia.

"Amelia!" alipiga kelele mzee Gaspari. "Amelia kwenye majani yangu! Mushenga amefika!"

Vigelegele vikapanda. Nshombo alishushwa, akakalishwa, akapewa maziwa.

"Papa," alinong'ona, "kuhusu bei ya mbuzi..."

"Simama useme!" alisema Gaspari. "Nilisema binti yangu hatoki kwa bahasha, na leo munyama amefika. Rakeli ametuambia mushenga wake ni mutu wa maneno."

Nyuso zote zilimgeukia. Na hapa ndipo msomaji amwonee huruma, kwa maana maisha yake yote Nshombo alikuwa amesema uongo jikoni na kwenye maegesho, kwa mtu mmoja mmoja, na hakuna aliyewahi kumpa uwanja. Alisimama. Alikusudia kusema maneno machache ya biashara. Badala yake alisema juu ya mjane aliyelinda zizi peke yake katika nchi ya wageni, juu ya kijana aliyetengeneza risasi moja moja ili mnyama huyu afike, juu ya binti asiyetoka kwa bahasha. Wanawake walilia. Uwera, bibi harusi, alilia. Kwa mara ya kwanza Nshombo alisikia maneno yake mwenyewe yakiwa kweli, na yalikuwa matamu kiasi kwamba hakuweza kuyaachia njiani. Hotuba ile ilidai mwisho mmoja tu, naye akautoa:

"Papa Gaspari, Gaju ni wako!"

Vigelegele vilipotulia, Gaspari aliinua simu. Rakeli alikuwa hewani, sauti imefunguliwa kwa wote.

"Asante, mushenga! Nimesikia yote. Sasa wape watoto ufunguo."

"Ufunguo gani, mama?"

"Gari inafuata mbuzi. Ulisema mara mbili. Mutumishi iko hapa, anakusalimia."

Mchungaji alisema amina.

Nshombo aliutazama ufunguo, kisha akautazama uso wa Uwera, uliokuwa bado na machozi. Akamwekea ufunguo mkononi. Walioona wanasema alifanya hivyo kwa madaha.

"Na vichwa vyako, papa," iliendelea sauti ya simu, "ni vizuri! Salomon amelaza koyoti leo asubuhi. Hakuenda hata hatua. Hakuteseka."

Nshombo alishukuru, halafu akaanza kufikiri. Kichwa cha kutobolea karatasi hakilazi koyoti namna hiyo.

Uwera mwenyewe alimpeleka stendi ya mabasi. Nshombo alikaa kiti cha nyuma, penye mkanda uliotafunwa, akafungua mkoba. Ndani vilikuwamo vichwa vyake vya jikoni, vyote, vyekundu, vikinukia harusi. Sanduku la kweli halikuwamo. Mahali pake palikuwa na pamba, na chupa ndogo ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Aliishika chupa kwenye mwanga wa dirisha, akakumbuka chai aliyokunywa mizigo yake ikifungwa. Ilikuwa mpya, haijafunguliwa.

"Usisahau, mushenga," alisema Uwera akitazama njia. "Siku ya harusi bila wewe hatuanze."

"Nitakuja," alisema Nshombo, na ajabu ni kwamba alimaanisha. Akaitikisa chupa kidogo. "Bon, Uwera. Siku hiyo ya harusi, ile kucha yako, nani anaitengeneza?"